Bangili Iliyosema "Tik"

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Karakana alinipa sanduku dogo la mbao akaniambia nilifungue. Nilikuwa nimevaa koti jeupe jipya, kalamu mfukoni, na diploma yangu ilikuwa bado inanuka wino. Niliinamisha uso juu ya sanduku ili nione vizuri. Kabla sijagusa kifuniko, kiganja chake kilitua juu yake, pa!

"Una macho mangapi?" aliniuliza.

"Mawili, Mkuu."

"Na jioni unapenda kurudi nyumbani na mangapi?"

Aligeuza sanduku hadi likaelekea ukutani, akasimama pembeni, akainua kifuniko kwa kijiti kirefu. Ndani mlikuwa na kitu nilichodhani ni kifaa cha kumfunga mtu aliyevunjika mkono: ngozi nyeusi yenye mikanda, na juu ya ngozi mrija mwembamba wa shaba ya njano, usiozidi kidole kwa unene.

"Mtu huvaa hii chini ya mkono wa koti," alisema. "Anakusalimu kwa adabu. Anakunja kiganja hivi. Wewe unaanguka, na watu wanadhani umezidiwa na joto."

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kazi ya kutunza silaha za kale zinazofichwa mkononi. Vijana wengi hawajawahi kusikia kwamba kazi hiyo ipo. Ipo, na katika mji huu wa Lubumbashi mtu aliyeisomea na kuiweza ni mimi. Siandiki hivyo kwa kumdharau yeyote. Naandika kwa sababu nimetafuta mwingine na sijampata.

Nilizaliwa katika komini ya Kenya, ambayo si nchi bali mtaa wa hapa hapa Lubumbashi. Baba yangu alikuwa mtu wa Kasai, karani wa duka. Mama yangu alitoka Mitwaba, na aliuza unga sokoni. Katika shule ya ufundi nilijifunza kutumia tupa mpaka mwalimu akawa ananiita niwaonyeshe wengine. Kisha nilikwenda Ubelgiji, mji wa Liège, mahali ambapo watu wamefua bunduki tangu zamani za mababu zao. Niliosha sahani, nilibeba magodoro ya watu, nilisoma. Darasani nilikuwa Mwafrika peke yangu na nilitoka wa kwanza. Hakuna mjomba aliyenilipia wala mkubwa aliyepiga simu. Nilijijenga mwenyewe tofali kwa tofali, ingawa, kama mtakavyoona, wengine walinichanganyia udongo.

Wa kwanza wao ni yule Mkuu wa Karakana, huko huko Liège. Alinifundisha kuzipanga silaha hizi kwa namna zinavyofanya kazi. Kuna zile za kisu: kisu chembamba hulala ndani ya ala iliyofungwa mkononi, na springi, yaani waya mgumu uliosokotwa kama mkia wa nguruwe, hukisukuma nje kinapofunguliwa. Kuna za mrija, ambazo hurusha kishale kimoja kifupi. Na kuna bastola ndogo zilizofungwa kwenye kifundo cha mkono, ambazo mara nyingi zilimuumiza mwenyewe kabla ya adui. Zote zina kizuizi, kijino cha chuma kinachoishikilia springi isiruke. Mafundi wa zamani walitumia akili nyingi kwenye kizuizi, maana hapo ndipo penye tofauti kati ya silaha na ajali.

Alikuwa na sheria moja aliyoirudia kama sala: "Kila springi iko hai mpaka uione kwa macho yako imelala." Haijalishi kutu, umri, wala maneno ya mwenye mali. Alinifundisha pia kutosafisha kupita kiasi. Shaba ikizeeka huvaa rangi yake, na fundi anayeing'arisha hadi ing'ae kama kijiko amefuta ushahidi wa maisha yake yote. Nilikaa chini yake miaka mingi na aliponiaga alisema sentensi moja tu: "Unarudi nyumbani na macho mawili." Kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa kuliko zote.

Kituo changu cha pili kilikuwa Bruseli, katika nyumba ya mnada wa vitu vya kale. Huko nilikuwa chini ya Mkurugenzi wa Mnada, mtu wa manukato mengi, ambaye aliamini kila kitu chenye kutu. Siku moja aliletewa kisu cha mkononi ndani ya sanduku lenye mahameli. Mwenye kisu alidai kimetoka kwa mtu mashuhuri aliyekufa karne nyingi zilizopita. Wataalamu walikuwa wamekwisha kukisifu. Mkurugenzi aliniita kwa heshima tu, ili nami nikitazame. Nilifungua parafujo moja nikaiweka chini ya lenzi. Meno yake yalikuwa sawasawa kama meno ya kitana. Mkono wa binadamu haukati hivyo, ni mashine. Kisha nikanusa kutu, nikasikia siki, ambayo waghushi hutumia kuzeesha chuma kwa siku chache.

"Una maoni gani kuhusu umri wake?" aliniuliza Mkurugenzi mbele ya wote.

"Bwana Mkurugenzi," nikamjibu, "hiki kisu ni mdogo wangu."

Tangu siku ile hakuna silaha ya mkononi iliyopita pale bila mimi. Mkurugenzi angeweza kunichukia, lakini alinipandisha cheo na akawa ananitambulisha kwa wageni kama "jicho letu". Ninamshukuru. Wakubwa wengi hawamsamehe mtu aliyewaokoa na aibu.

Niliporudi Lubumbashi, rafiki zangu wa zamani walinipokea kwa bia na kicheko. "Ee, mukubwa! Bengine banarudia na magari, weye unarudia na diplome ya kutengeneza bikomo?" Bikomo kwetu ni bangili, na walitaka kujua nani katika mji wa shaba na malori angenihitaji. Nilipata kazi katika nyumba moja ya binafsi iliyokusanya vitu vya kale: mikuki, saa za ukutani, funguo za maghala yaliyobomolewa. Mkuu wangu alikuwa Madame Mhifadhi, mwanamke mpole asiyeinua sauti. Siku aliyonipokea aliangalia vyeti vyangu, akacheka kidogo.

"Papa, nikuambie ukweli," alisema. "Huku silaha ya kuficha mukononi tunajua moja tu: jiwe."

Lakini alinipa meza, taa nzuri na jiliwa, ile taya ya chuma ya kubana vitu. Akaniambia wakileta chochote chenye springi, hata mtego wa panya, kitakuwa changu. Kwa muda mrefu ilikuwa kweli mitego ya panya.

Kisha akaja Kisimba.

Alikuwa fundi cherehani wa komini ya Kenya, kijana mtaratibu, mfuko wa plastiki kifuani. Mjomba wake alikuwa amefariki, na wakubwa wa ukoo walikuwa wamemchagua yeye amrithi. Kwetu, upande wa mama, mpwa ndiye anayesimama mahali pa mjomba. Anapewa jina lake, anakabidhiwa vitu vyake, na toka siku hiyo hata wazee wanamwita kwa jina la marehemu. Sherehe ilikuwa Jumamosi, ambayo sisi huiita siku ya posho.

"Papa, banasema weye unajua kungarisha shaba," alisema. "Njo bangili ya bankambo. Siku ya posho minavaa mbele ya batu yote. Nataka iwake."

Kwetu "njo" ni ndiyo, na bankambo ni mababu. Akaitoa. Nilipoiona nilirudisha kiti nyuma, nikasimama pembeni, nikaigeuza ielekee ukutani kwa kijiti cha penseli. Madame Mhifadhi alidhani nimeona nyoka.

Ilikuwa silaha ya mrija. Haikuwa bangili hata siku moja. Mtu fulani, labda mfanyabiashara wa misafara, aliiacha Mitwaba, ulikotoka ukoo wa Kisimba, zamani ambazo hakuna azikumbukaye, na ukoo uliipenda kwa shaba yake. Mdomo wa mrija ulikuwa umezibwa na mafuta yaliyoganda, kwa hiyo hakuna aliyejua kwamba una mdomo. Niliuliza wanaitunzaje.

"Kila mara muntu anapyana, bamama banaipakaa mafuta ya ngazi," alisema Kisimba, yaani kila mtu anaporithi hupakwa mafuta ya mawese. "Banapakaa mingi, inaingia mpaka mu ndani. Ni heshima."

Hapo nilielewa jambo ambalo hakuna mwalimu wa Liège angeweza kunifundisha. Ulaya nilifungua silaha nyingi za namna hii, na karibu zote zilikuwa zimekufa, springi imeliwa na kutu, kwa kuwa watu walizifungia kabatini wakazisahau. Hii haikusahauliwa. Kila kizazi kiliinywesha mafuta kwa upendo, na upendo huo ndio ulioiweka hai.

"Na huu mukaba mupya?" nikauliza. Ngozi ilikuwa ya juzi, ingali na harufu ya duka.

"Ya zamani ilipasuka. Mushona-viatu wa Katuba akatoa yote, akatia hii. Wakati alikaza, bangili ikasema tik! Mama Mukubwa akapiga vigelegele. Akasema bankambo baliitika."

Ile ngozi nene ya zamani ndiyo iliyokuwa imekifunika kizuizi kwa miaka yote. Mshona viatu, bila kosa lake, alikuwa amekivua nguo. Mkanda mpya sasa ulipita juu ya kijino chenyewe, na "tik" ile ilikuwa kijino kikisogea nusu ya njia. Nusu iliyobaki ilikuwa inangoja mkono wa mtu.

Nilimuuliza siku ya sherehe atafanya nini akiwa ameivaa.

"Ninashika mukuki ya mujomba. Hivi." Akakunja ngumi, kiganja kikainama. Mdomo wa mrija ungekuwa unatazama moja kwa moja kwenye mzizi wa kidole gumba chake cha kulia.

Nilipomweleza, aliutazama mkono wake.

"Papa, mi nashona," alisema. "Bila huu mukono batoto yangu banakula nini? Lakini nikikataa kuvaa, banasema niliogopa kuwa mujomba. Banachagua mwingine, na ule njo atakufa nayo."

Tulihitaji ushahidi. Niliibana bangili ndani ya kisanduku cha mchanga, Madame Mhifadhi akatupeleka kwa gari lake mpaka kwenye zahanati moja ambako alifahamiana na kijana wa picha za mifupa.

"Mugonjwa iko wapi?" aliuliza kijana.

Nikaweka kisanduku juu ya meza yake. "Njo huyu."

"Alivunjikaka wapi?"

"Hakuvunjika. Nataka kujua kama anapumua."

Alikuwa anapumua. Kwenye picha springi ilionekana imebanwa nzima, pete kwa pete, na mbele yake kishale chenye ncha. Nyuma, kijino kilikuwa kimeshikilia kwa ukingo tu, kama mtu anayening'inia dirishani kwa kucha.

Tukaenda komini ya Katuba, nyumbani kwa Mama Numbi, dada mkubwa wa marehemu, yule aliyepiga vigelegele. Wazee walikuwa wamekaa uani, au lupango kama tunavyosema. Msemaji wao alikuwa mdogo wa mama huyo, ambaye wote walimwita Tonton, yaani mjomba. Nilishika ile picha juani nikaeleza. Nilieleza vizuri, kama mtu mwenye diploma. Nikaomba ruhusa niifungue bangili kabla ya siku ya posho.

Tonton aliigeuza picha juu chini.

"Hii ni nini? Mukia ya panya?" Watu wakacheka. Kisha uso wake ukakaza. "Weye jina yako ni ya Kasai. Unatoka ku Bulaya. Unafika hapa na karatasi nyeusi unatuambia tukupe kitu ya bankambo ufungue. Mwaka kesho tunaiona mu kabati ya bazungu! Hapana. Kitu ya bankambo mugeni hafunguake. Na mwenye ukoo naye hafunguake, ni mwiko. Kisimba atavaa vile tulivaaka siku zote."

Nilianza kusema kuhusu mkanda na kizuizi. Hakuna aliyesikiliza. Kisimba alikuwa anatazama chini, mkono wake wa kulia umefichwa chini ya kwapa. Na mimi, ambaye niliwanyamazisha wataalamu wa Bruseli kwa sentensi moja, nikaanza kuikunja picha yangu.

Mama Numbi hakuwa amecheka. Aliinua kidole.

"Jina ya baba nimesikia," aliniambia. "Mama yako alitokaka wapi?"

"Ku Mitwaba, Mama."

"Ukoo gani?"

Sikumbuki lini mara ya mwisho mtu aliniuliza swali hilo. Ulaya haliulizwi kabisa. "Mbuzi, Mama."

Kisha Mama Numbi akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikamteleza.

"Mbuzi! Muone, mbuzi anaingia mu lupango ya chui na miguu yake mwenyewe, na miwani ku macho! Tonton, unafukuza nani? Huyu ni munungwe wetu!"

Nieleze kwa wale waliokulia mjini. Ukoo wa mbuzi na ukoo wa chui ni watani, na watani hao wazee wetu huwaita banungwe. Wana ruhusa ya kutukanana bila kukasirika. Lakini wana pia kazi ambayo mwenye ukoo hawezi kuifanya: kuosha maiti, kuchimba kaburi, kushika vitu vyenye damu na mwiko. Kile ambacho Tonton alimkatalia mgeni, na ambacho ukoo wenyewe haukuruhusiwa, kilikuwa haki ya mtani, tena wajibu wake. Tonton aliinuka, akanijia, akanitazama toka juu hadi chini.

"Kama njo vile," alisema, "mbona hukusema mapema, mbuzi mujinga weye?"

Nilifanya kazi pale pale uani, maana walitaka kuona. Nilibana jiliwa kwenye benchi, nikafunga bangili katikati ya mbao laini, mdomo ukaelekea kwenye gunia la mchanga, watu wote nyuma yangu. Nilikusudia kuikamata springi kwa nyuma na kuilegeza polepole. Ndivyo ifanywavyo. Nyuma yangu mvua ya matusi ilinyesha, kwani mtani hafanyi kazi kimyakimya.

"Mbuzi, usikule mukaba!"

"Angalieni ndevu yake, itanasa mule ndani!"

"Nyamazeni, bapaka!" niliwajibu bila kugeuka. "Chui ya leo ni paka aliyekosa maziwa."

Nilifungua kifungo cha mkanda mpya. Ngozi ilipoinuka tu, kabla sijaigusa springi, kijino kilijiachia. Hakikungoja. Sauti ilikuwa ndogo, kama mtu aliyevunja kijiti, na gunia lilishtuka. Mchanga ukaanza kumwagika upande wa pili.

Tonton alikwenda akakuta ncha ya kishale imetokea nyuma ya gunia. Aliigusa kwa kidole, akamtazama Kisimba, akaketi chini kwenye udongo na suruali yake safi. Mama Numbi alikwenda kwa Kisimba, akautoa ule mkono kwapani kwake, akaushika kwa mikono yake miwili.

Baadaye Tonton alitaka niitoe springi kabisa na kuitupa. Nilikataa. Fundi wa kweli hakati ulimi wa kitu cha kale, anakilaza. Niliiacha ndani, imelala, nikashona ngozi nene juu ya kizuizi, nikampa Mama Numbi kishale akizike apendapo. Siku ya posho Kisimba alishika mkuki wa mjomba mbele ya wote. Aliyemfunga bangili mkononi nilikuwa mimi, kama sheria ya utani ilivyotaka, na niliwatukana chui vizuri sana.

Sasa nimestaafu. Madame Mhifadhi naye amestaafu, tunasalimiana kanisani. Rafiki zangu wa bia hawaniulizi tena kuhusu bikomo. Kisimba bado anashona, na suti niliyoivaa siku ya kuaga kazi ni ya mkono wake, bila malipo, kwa matusi tu. Vijana wakiniuliza nimefaidi nini, nawaambia nimefaidi walimu. Mkuu wa Karakana alinipa macho, Mkurugenzi akanipa jina, Madame akanipa meza. Kwa wote nasema asante, na diploma yangu ipo ukutani kwa anayetaka kuhakikisha.

Ila kuna shukrani moja ninayoiweka peke yake. Ulaya nilikuwa nikipita mbele ya makaburi, na kila mara nilijiuliza ni nani atakayenizika. Nilikuwa na heshima ya watu wengi, lakini mtani sikuwa naye hata mmoja. Siku ya kustaafu ukoo wa chui ulikuja nyumbani na mtungi wa pombe, Kisimba mbele. Akapiga makofi kama desturi, akatangaza kwa majirani wote:

"Huyu mbuzi akikufa, musimuguse! Ni wetu. Tunamuosha sie, tunachimba sie. Na tunachimba shimo fupi, miguu inabakia inje, batu baone viatu ya Bulaya!"

Watu walicheka mtaa mzima. Mimi nilicheka kuliko wote, na usiku ule nililala vizuri.